Kompyuta ya mezani ibaki Dodoma, wewe nenda: mwongozo kamili kwa waandishi wa programu

Chumba changu cha kazi kiko Ipagala. Kuna meza ya mninga, kasha jeusi la kompyuta lisilo na skrini, raota na UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika. Kasha hilo halijatoka humo kwa miaka mitatu. Ninayetoka ni mimi: wiki hii niko Dar es Salaam kwa mteja, mwezi ujao niko Kondoa kwa wazazi, siku nyingine niko hapa hapa mjini nasubiri gari litoke gereji. Popote nilipo nafungua laptopu ndogo ya zamani, naandika amri moja, naikuta kazi pale pale nilipoiachia.

Vijana wa hapa, wengi wao waliomaliza UDOM na sasa wanaandika programu kwa ajili ya wateja walio mbali, huniuliza kama wauze kompyuta zao za mezani wanunue laptopu kubwa. Jibu langu ni usiuze. Kwa bei ya laptopu ya wastani unapata kompyuta ya mezani yenye nguvu zaidi, RAM unayoweza kuiongeza, na pawasaplai inayobadilishwa ikiungua bila kugusa kitu kingine. Kasoro yake ni kwamba haibebeki. Basi usiibebe. Iandae iweze kuachwa peke yake: umeme ukikatika na kurudi iwake yenyewe, ukiitafuta kutoka mbali uipate, na mtandao ukikatika katikati ya kazi isipoteze kitu. Sehemu ya umeme itakuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokwama.

Nachukulia kwamba unajua amri za msingi za Linux na una angalau saa chache za mwisho wa wiki za kukaa na mashine yako.

Kabla ya yote: ruhusa

Kama umeajiriwa, soma mkataba. Kampuni nyingi hazitaki msimbo wao ukae kwenye kompyuta binafsi. Nyingine huruhusu kwa sharti kwamba diski ifungwe kwa usimbaji fiche. Uliza kwa maandishi na utunze jibu. Kama taarifa za watu zinapita kwenye mashine yako, majina, namba za simu, namba za NIDA, basi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Mimi hutengeneza data ya mfano na kuacha hifadhidata halisi kwenye seva ya mteja. Usingizi wangu ni mzuri zaidi hivyo.

Jambo jingine ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopita ndani ya intaneti. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao kuisajili kwa kujaza fomu mtandaoni, pamoja na kutaja anwani ya IP. Njia nitakayoeleza hapa inaunganisha vifaa vyako mwenyewe tu, lakini kiufundi ni VPN. Isajili kabla ya kuanza kuitegemea.

Hatua ya 1: mashine na uniti zake

Kompyuta itakayowaka usiku na mchana inapaswa kupimwa kwa kile inachokula ikiwa imetulia, maana muda mwingi haitafanya kazi nzito. Nunua au azima kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Mashine ya kawaida yenye kadi ya picha inaweza kula wati 60 ikiwa imekaa tu. Zidisha kwa saa 24, kisha siku 30: ni uniti 43 na ushee kwa mwezi. Sasa chukua zile mashine ndogo za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk za umbo dogo. Nyingi hukaa karibu na wati 20 zikiwa zimetulia, sawa na uniti 14 hivi kwa mwezi.

Tofauti hiyo ni kubwa hasa kwa mwenye LUKU ya D1, anayepata bei nafuu kwa sharti la kutovuka uniti 75 kwa mwezi. Friji, taa na televisheni vikishakula sehemu yake, uniti 43 za kompyuta zinaweza kukuvusha. Kwa hiyo kama mashine yako ina kadi ya picha usiyoihitaji kwa kazi, ing'oe. Itapunguza wati, joto na kelele kwa mkupuo mmoja.

RAM ya GB 16 inatosha kwa kazi nyingi za wavuti. Ukiendesha kontena nyingi za Docker weka 32. Diski iwe SSD. Mashine iunganishwe na raota kwa waya, siyo Wi-Fi.

Hatua ya 2: umeme

Mara ya kwanza nilipoiacha mashine nikaenda Singida, umeme ulikatika usiku wa kwanza, ukarudi baada ya robo saa. Mashine haikurudi. Nilikaa siku nne nikifanya kazi kwa simu na kumbukumbu. Kosa lilikuwa mpangilio mmoja ndani ya BIOS, programu ndogo inayoiwasha mashine kabla ya Linux.

Ingia BIOS wakati mashine inawaka, kwa kawaida kwa kubonyeza F2, F10 au Delete, na utafute sehemu ya nishati. Kuna mstari wenye maneno kama AC Power Recovery, Restore on AC Power Loss au After Power Loss, kutegemea mtengenezaji. Uwekwe kwenye Power On. Usiuache kwenye Last State, kwa sababu mashine iliyozimwa kwa utaratibu itakumbuka kwamba ilikuwa imezimwa na itabaki hivyo. Hifadhi, toka, kisha chomoa waya wa umeme, hesabu hadi thelathini, urudishe. Ikiwaka bila kuguswa, umepita nusu ya mtihani.

Nusu ya pili ni UPS, na hapa kuna mtego ambao nilichelewa kuuelewa. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Mashine ya wati 60 pamoja na raota ya wati 10 haitafika saa nzima. Sehemu ya nguvu hupotelea ndani ya UPS yenyewe. Tegemea nusu saa hivi. Umeme ukichelewa kurudi, lazima mashine ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha, la sivyo hifadhidata inaweza kuharibika. Kwa hiyo nunua UPS yenye mlango wa USB wa kuzungumza na kompyuta. Uliza dukani na ulione tundu lenyewe kwa macho.

Kwenye Linux programu ya kazi hii ni NUT:

sudo apt install nut

Katika faili la /etc/nut/ups.conf andika:

[nyumbani]
driver = usbhid-ups
port = auto

UPS nyingi za bei ya chini hazielewi dereva huyo, jaribu nutdrv_qx. Weka MODE=standalone kwenye nut.conf, tengeneza mtumiaji kwenye upsd.users na mstari wa MONITOR kwenye upsmon.conf, kisha uliza:

upsc nyumbani

Ukiona ups.status: OL, umeme upo. Chomoa UPS ukutani, igeuke OB. Betri ikikaribia kuisha huongezeka LB, na hapo NUT huzima mashine.

Sasa mtego. Chukulia umeme umekatika, betri imeshuka, mashine imejizima vizuri. Dakika moja baadaye umeme unarudi, kabla UPS haijaishiwa kabisa. Kwa upande wa mashine umeme haujawahi kukatika: UPS iliendelea kuupeleka muda wote. Basi ule mpangilio wa BIOS hauna cha kuitikia, na mashine inabaki imezimwa huku umeme ukiwa tele. Dawa yake ni NUT kuiamuru UPS ikate umeme wake yenyewe baada ya mashine kuzima, kisha iurudishe. Hakikisha upsmon.conf ina mstari wa POWERDOWNFLAG, na kwamba UPS yako inakubali amri hiyo. Muda wa kungoja kabla ya kukata ni offdelay, na wa kabla ya kurudisha ni ondelay. Kwa usbhid-ups ni sekunde 20 na 30 usipovibadili. Cha pili lazima kiwe kikubwa kuliko cha kwanza. Jaribu jambo zima, hata kama litakula jioni yako, kwa amri hii ukiwa umeshafunga kazi zako:

sudo upsmon -c fsd

Mashine inapaswa kuzima, UPS ikate kwa muda mfupi, kisha mashine iwake.

Kama UPS yako haikubali, kuna njia ya pembeni ambayo ni rahisi na imeniokoa zaidi ya mara moja. BIOS nyingi zina saa ya kuamsha mashine kila siku, mara nyingi kwa jina la Auto On Time au RTC Alarm. Iweke iamke kila siku alfajiri. Ikiwa tayari imewaka, hakuna kitakachotokea. Ikiwa ililala, hutakaa bila mashine zaidi ya siku moja. Angalia tu saa: Linux huweka saa ya BIOS kwa UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukitaka iamke saa 11 alfajiri yetu, kwenye BIOS unaandika 02:00, siyo 05:00.

Raota nayo iwe kwenye UPS. Nimeona watu wanalinda kompyuta na kuisahau raota, kisha mashine inawaka gizani bila mtu yeyote kuweza kuifikia. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Inavuta umeme mwingi kwa ghafla inapopata moto.

Betri za UPS hazipendi joto. Zimepimwa kwa nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake karibu nusu. Chumba chenye dari ya bati tupu mwezi Novemba hapa Dodoma kitaimaliza betri mapema. Iweke UPS chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi.

Mwisho kuhusu umeme: ethi, waya wa usalama unaoingia ardhini. Ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukahisi kama unatekenywa vidoleni, soketi yako haina ethi inayofanya kazi. Ndani ya pawasaplai kuna vichujio vinavyotegemea waya huo. Ukikosekana, umeme mdogo hukaa kwenye kasha. Kwa udongo wetu, fimbo ya ethi iliyofanya kazi vizuri mwezi Machi inaweza kuwa dhaifu mwezi Oktoba kwa sababu ardhi imekauka. Muite fundi umeme apime wakati wa kiangazi.

Hatua ya 3: vumbi

Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa upepo wa Julai hadi Oktoba. Vumbi likijaa kwenye feni, joto hupanda, mashine hupunguza mwendo na mwishowe huzima. Iinue kutoka sakafuni, angalau usawa wa goti. Tundu la kuingizia hewa lifunike kwa soksi ya nailoni iliyonyooshwa vizuri, uifue kila wiki mbili. Usifunike kasha zima kwa kitambaa likiwa linawaka. Unapopuliza vumbi, shika mapanga ya feni yasizunguke.

Hatua ya 4: mfumo na diski

Tumia Ubuntu toleo la LTS. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024 na lina miaka mitano ya masasisho ya kawaida. Jambo la kwanza baada ya kusakinisha ni kuizuia isilale:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Sasa kuna uamuzi mgumu. Mashine inakaa nyumbani peke yake, na mwizi akiingia atabeba kasha pamoja na msimbo wa mteja. Hilo linadai usimbaji fiche. Lakini ukisimba diski nzima, kila inapowaka itangoja nywila kwenye skrini, na wewe uko Kondoa. Mimi nimegawa: mfumo wenyewe uko wazi, uweze kuwaka na kujiunga na mtandao bila mtu. Kazi zote, pamoja na data za Docker na funguo za seva za wateja, ziko kwenye sehemu ya pili ya diski iliyosimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski. Umeme ukirudi mashine inaamka, naingia kutoka mbali, kisha naandika:

sudo cryptsetup open /dev/sdb1 kazi
sudo mount /dev/mapper/kazi /kazi

Jina la diski yako utaliona kwa lsblk. Nywila ya LUKS naiandika kwa vidole kila mara. Haikai popote kwenye mashine. Mwizi atapata kasha na Ubuntu tupu. Uzime Docker isijiwashe yenyewe kabla ya /kazi kufunguliwa, la sivyo itaanzisha folda mpya tupu na utashtuka ukidhani data imepotea. Kwenye Ubuntu zima huduma na soketi yake kwa pamoja:

sudo systemctl disable docker.service docker.socket

Hatua ya 5: SSH

SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, ilibuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, baada ya shambulio la kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chake. Nywila ndiyo sehemu dhaifu hadi leo, kwa hiyo tutaiondoa. Kwenye mashine ya nyumbani:

sudo apt install openssh-server

Kwenye laptopu tengeneza jozi ya funguo, uweke na nywila ya kuulinda ufunguo, kisha upeleke ule wa umma ukiwa bado nyumbani:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id jina@192.168.1.50

Badili jina na anwani viwe vyako. Ukishaingia bila kuulizwa nywila ya mashine, tengeneza faili la /etc/ssh/sshd_config.d/00-kazi.conf lenye mistari miwili:

PasswordAuthentication no
PermitRootLogin no

Nimelianza kwa 00 makusudi. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na baadhi ya mashine za Ubuntu huja na faili la 50-cloud-init.conf linaloruhusu nywila. Jina lako likitangulia, neno lako ndilo litakalosimama. Kagua kwa sudo sshd -t, kisha:

sudo systemctl restart ssh

Usifunge dirisha ulilonalo. Fungua la pili, uingie upya. Likikubali ndipo ufunge la kwanza.

Hatua ya 6: njia ya kufika nyumbani

Wengi huanza kwa kufungua mlango kwenye raota. Kwa intaneti ya laini ya simu, na hata baadhi ya faiba, hilo halifanyi kazi kabisa. Mtoa huduma huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Utalijua hivi: angalia anwani ya IP ambayo raota imepewa upande wa nje. Ikiwa inaanzia 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, wewe huna anwani yako ya umma, na hakuna mlango wa kufungua. Hata ukiwa nayo, usifungue mlango wa 22 (wa SSH) wala wa 3389 (wa skrini ya mbali ya Windows) kwa dunia nzima. Roboti za kubahatisha nywila hufika ndani ya muda mfupi sana.

Njia nyepesi ni Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, programu huria ya VPN. Sakinisha kwenye mashine zote mbili:

curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up

Itakupa kiungo cha kuingia. Linda akaunti hiyo kwa uthibitisho wa hatua mbili, maana sasa ni mlango wa nyumba yako. Kila kifaa hupata anwani inayoanzia 100, na vinaonana popote vilipo. Halafu fanya jambo hili leo, siyo kesho: nenda kwenye ukurasa wa vifaa, chagua mashine ya nyumbani, uzime muda wa ufunguo kuisha, yaani Disable key expiry. Usipofanya hivyo, baada ya siku 180 mashine itatolewa kwenye mtandao wako mpaka mtu akae mbele yake na kuingia upya. Siku 180 ni nyingi kiasi cha kukufanya usahau, na siku ya kuisha haichagui kama uko nyumbani au safarini.

Amri ya tailscale ping itakuonyesha kama vifaa vimeunganishwa moja kwa moja au vinapitia kituo cha kati, kitakachotajwa kwa neno DERP. Laini mbili za simu zikikutana mara nyingi hupitia kituo. Kazi ya maandishi inaenda vizuri tu hata hivyo.

Kama hutaki kumtegemea mtu wa tatu, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma na uweke WireGuard wewe mwenyewe. Mashine ya nyumbani na laptopu zote zinaielekea seva hiyo kwa mlango wa UDP 51820. Upande wa nyumbani lazima uwe na mstari huu:

PersistentKeepalive = 25

Bila huo, mtoa huduma atasahau njia yako baada ya ukimya mfupi, na seva haitaweza kuirudia mashine.

Andika sasa kwenye laptopu, faili la ~/.ssh/config:

Host nyumbani
HostName 100.x.y.z
User jina
ServerAliveInterval 30

Kuanzia hapo, ssh nyumbani inatosha.

Hatua ya 7: kufanya kazi bila kupoteza kazi

Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nilipata saa za kazi ambazo awali nililala kwenye basi. Lakini upande wa Kilosa kuna mahandaki, na milimani mtandao unakuja na kuondoka. SSH pekee ikikatika, kila kilichokuwa kinaendeshwa ndani yake hufa. Ndiyo maana kila kitu nakiendesha ndani ya tmux:

tmux new -A -s kazi

Amri hiyo huunda kikao kama hakipo na hukurudisha ndani yake kama kipo. Majaribio ya dakika arobaini yanaendelea Ipagala huku mimi niko handakini. Ongeza mosh kama mtandao wako ni wa kusuasua: hutumia UDP, huvumilia kubadilika kwa anwani ya simu, na huonyesha herufi unazoandika kabla jibu halijarudi. Sakinisha pande zote mbili, kisha mosh nyumbani.

Tambua mpaka wa tmux, lakini. Inalinda dhidi ya mtandao kukatika. Mashine ikizima, vikao vyote vinaondoka.

Wanaopendelea Visual Studio Code watumie nyongeza yake ya Remote SSH: dirisha liko kwenye laptopu, lakini faili, injini ya lugha na dirisha la amri viko nyumbani. Tovuti unayoitengeneza nyumbani kwenye mlango wa 3000 unaiona kwenye kivinjari cha laptopu kwa:

ssh -L 3000:localhost:3000 nyumbani

Hapa ndipo faida kubwa kwa mfuko ilipo. Ukiandika npm install au docker pull, mamia ya megabaiti yanashuka kwenye intaneti ya nyumbani. Kwenye bando la simu yako zinapita herufi tu. Kwa siku nzima ya kuandika kwa SSH natumia data ndogo kuliko video fupi chache za WhatsApp. Ndiyo sababu siwashauri watu kutumia programu za kuonyesha skrini nzima ya mbali isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai, mfano kukagua muonekano wa programu ya Windows. Zinakula bando, na kila kubonyeza kunachelewa.

Hatua ya 8: nakala za akiba

Msimbo usukume kwa git kila jioni, hata kama haujakamilika, kwenye tawi lako. Ila git haibebi kila kitu: mafaili ya .env, hifadhidata za majaribio na maandishi yako ya pembeni hayamo. Kwa hayo natumia restic, inayosimba kabla ya kutuma, kwenda kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mbali, saa nane usiku wakati hakuna anayetumia intaneti nyumbani. Mara moja kila mwezi rudisha faili moja kutoka kwenye nakala na ulifungue.

Hatua ya 9: mtu wa nyumbani

Kuanzia Desemba radi zinakuja, na hakuna kifaa cha bei ya kawaida kinachoweza kuahidi kuzuia radi iliyopiga karibu. Kinga ya kweli ni kuchomoa waya, na waya huchomolewa na mtu. Kwangu ni mdogo wangu wa kike, anayesoma bado. Nilikaa naye nusu saa nikamwonyesha kila taa, nikamweleza kwa nini ninaomba. Juu ya kasha nimebandika karatasi: radi ikianza, bonyeza kitufe mara moja, ngoja taa izime, chomoa UPS ukutani na waya wa mtandao kwenye raota, mvua ikiisha, rudisha vyote, na kompyuta isipowaka bonyeza kitufe mara moja. Usishikilie kitufe kwa muda mrefu. Ukinusa kitu kinaungua, zima swichi ya ukutani kwanza, kisha nipigie.

Siku moja alinipigia nikiwa Dar. "Kaka, taa ya raota ni nyekundu lakini kompyuta inawaka." Maneno hayo yalitosha: tatizo lilikuwa intaneti, siyo mashine, na sikuhangaika na lolote jingine. Mnunulie vocha mtu huyo. Anafanya kazi ya kweli.

Hatua ya 10: mazoezi kabla ya safari

Siku mbili kabla ya kuondoka, siyo usiku wa kuamkia safari. Nenda Nyerere Square au popote mbali na Wi-Fi ya nyumbani, washa hotispoti ya simu, uingie kwenye mashine. Fungua /kazi. Anzisha tmux, endesha majaribio marefu, zima hotispoti kwa dakika tano, uiwashe, urudi kwenye kikao. Kisha mpigie wa nyumbani achomoe UPS ukutani na aiache mpaka mashine ijizime yenyewe, ndipo airudishe. Wewe kaa hapo ulipo na usubiri. Usiende nyumbani kuangalia. Ukifika na kubonyeza kitufe, zoezi halijakuambia chochote.

Ukiwa safarini, kila asubuhi ukiingia anza na amri moja:

uptime -s

Inataja tarehe na saa mashine ilipowaka mara ya mwisho. Ikiwa ni ile ile ya jana, rudi kwenye tmux uendelee. Ikiwa ni ya usiku wa leo, umeme ulikatika: fungua /kazi, washa Docker, angalia upsc kuona betri imefikia asilimia ngapi, na usianzishe kazi ndefu mpaka ijae.